Risasi Bandia na Mazoezi ya Shabaha: Mazungumzo na Mwalimu Mwanafunzi

Mwanachuo atakayeona kichwa cha makala haya huenda akajiuliza ni kitu gani kilichotufikisha kwenye bunduki, ilhali kazi ya jarida hili ni kuzungumzia njia za kufundishia watoto wa shule za msingi. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba kumfundisha kuruta kulenga shabaha ni ualimu, kama ilivyo ualimu kumfundisha mtoto kusoma. Na wakufunzi wa kazi hiyo wamehangaika kwa miaka mingi na tatizo ambalo nasi tunalo kila siku, yaani namna ya kumwonyesha mwanafunzi kosa ambalo yeye mwenyewe halioni, na ambalo akiambiwa hulikana kwa moyo safi kabisa. Chombo kimojawapo walichokipata ni risasi isiyolipuka. Tutaeleza chombo hicho kilivyo, kinavyotumika, na jinsi kilivyosababisha vifo pale watu walipokizembea. Kisha tutatazama ni kitu gani ndani yake kinachoweza kuingia darasani. Bunduki yenyewe haiingii, na risasi haiingii, iwe bandia ama ya kweli. Juu ya hilo tutasema zaidi mahali pake.

Yafaa kwanza tuelewane kuhusu maneno. Risasi kamili ina sehemu nne: ganda la shaba, kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha, baruti iliyo ndani ya ganda, na fataki ndogo iliyopachikwa kitakoni. Mtu akivuta kifyatulio, pini hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi ya baruti hukisukuma kichwa kupitia mtutu. Risasi yenye vitu vyote vinne ndiyo watu waiitayo risasi ya moto. Risasi baridi ina fataki na baruti lakini haina kichwa. Hulia, hutoa moshi, na gesi yake yaweza kumjeruhi au hata kumwua mtu aliye karibu na mdomo wa mtutu. Risasi bandia ni kitu cha tatu. Haina baruti wala fataki hai. Ina umbo, urefu na aghalabu uzito unaokaribia ule wa risasi ya kweli, basi. Ukivuta kifyatulio utasikia mlio mdogo wa chuma, na hapatatokea lolote jingine. Magazeti yetu huzichanganya hizi mbili za mwisho mara kwa mara, na mchanganyo huo si wa lugha tu, maana anayeshika risasi baridi akidhani ni bandia ameshika kitu kinachoweza kuua.

Mazoezi ya kufyatua bila kupiga ni ya zamani. Waingereza walifungua shule yao ya shabaha huko Hythe, katika jimbo la Kent, mwaka 1853, na katika mafunzo ya miaka hiyo askari alipewa kwanza fataki tupu, bila baruti wala kichwa. Aliwekewa mshumaa unaowaka karibu na mdomo wa bunduki, akalenga ule mwali, akafyatua. Kama mtutu ulikuwa umetulia na umeelekea sawasawa, pumzi ya fataki iliuzima mshumaa. Kama uliyumba, mshumaa uliendelea kuwaka mbele ya macho yake. Tunaomba mwanachuo asilipite jambo hili upesi. Mkufunzi hakuhitaji kusema neno. Jibu lilitoka kwenye mshumaa, likamfika askari papo hapo, bado mkono wake ukikumbuka ulichokifanya.

Baadaye zilipokuja bunduki za kujazwa risasi nyingi, risasi bandia ilipata kazi nyingine, nayo ni kuifundisha mikono. Bunduki aina ya Lee-Enfield, ambayo wazee wetu waliotumikia King's African Rifles waliijua vizuri, ilibeba risasi 10, zikisukumwa ndani tano tano kutoka kwenye kishikizo cha chuma. Kabla ya vita vya 1914 askari wa miguu wa Kiingereza alitakiwa aweze kupiga risasi 15 zilizolengwa kwa dakika moja, shabaha ikiwa yadi 300 mbali. Kwa hesabu ya haraka hiyo ni sekunde nne kwa kila risasi, pamoja na muda wa kujaza tena. Hakuna mtu awezaye kufika hapo kwa kufikiri kila tendo; vidole lazima viwe vimekwisha kujua. Na vidole hujifunza kwa kurudia, kujaza na kutoa, kujaza na kutoa, bwenini au uwanjani, pasipo kelele na pasipo gharama ya risasi za moto. Hata leo kuruta katika jeshi lolote lenye utaratibu hafikishwi kwenye uwanja wa shabaha kabla mikono yake haijaizoea silaha tupu. Risasi bandia humfundisha vilevile la kufanya bunduki inapogoma, kwa sababu inapopachikwa katikati ya nyingine hutenda kama risasi mbovu: kifyatulio kimevutwa na mlio haukuja.

Hayo yote ni mazoea ya mikono, na kila mwalimu wa ufundi anayajua. Matumizi yanayotugusa zaidi ni mengine.

Karibu kila anayeanza kupiga bunduki ana ugonjwa mmoja. Anajua kwamba akivuta kifyatulio kutakuwa na mshindo, na kitako kitampiga begani. Mwili wake unaujua mshindo huo kabla haujaja, ukaanza kujikinga mapema: macho hufumba, bega husukuma mbele, kiganja hukaza, na mtutu huinama kidogo. Kidogo hicho kinatosha. Tuchukue bunduki ambayo nafasi kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ile ya mbele ni sentimita 50. Ncha ya mbele ikishuka milimita moja tu, basi kwa kila nusu mita risasi itakuwa imeshuka milimita moja. Katika mita 100 itakuwa imeshuka milimita 200, yaani sentimita 20. Hesabu hii ya uwiano mwalimu wa darasa la saba aweza kuifanya ubaoni kwa pembe tatu mbili zinazofanana, bila kutaja bunduki hata mara moja, kwa kutumia mti na kivuli chake.

Sasa shida iko hapa. Kuruta akiambiwa, "Unashtuka kabla ya kupiga," hujibu kwamba hashtuki, na hasemi uongo. Anavyohisi yeye, bunduki iliruka kwa sababu ililipuka. Kumbe kichwa cha risasi hutoka kwenye mtutu katika muda wa elfu moja moja za sekunde tangu baruti ishike moto, na mwili wa binadamu, hata ukishtuka upesi namna gani, huchukua muda mara nyingi zaidi ya huo. Kwa hiyo mshtuko ulioiharibu shabaha haukuwa jibu la mshindo, ulitangulia mshindo. Lakini mshindo na teke la bunduki huja juu yake mara moja, vikaufunika kama wimbi linavyofuta unyayo. Mkufunzi aliyesimama kando naye hupata taabu kuuona, kwa kuwa bunduki inaruka kwa hali yoyote. Kosa limejificha ndani ya tendo lenyewe. Na kuruta akiendelea kupigishwa risasi za moto mia mbili, atakuwa amelifanya kosa lake mara mia mbili, nalo litakuwa limekomaa.

Dawa ya ugonjwa huo imo katika maagizo ya shabaha ya jeshi la Marekani na kwingineko, nayo ni nyepesi mno kwa jinsi ilivyo na nguvu. Mkufunzi huchukua magazini akaijaza yeye mwenyewe, akichanganya risasi chache bandia kati ya zile za moto, bila mpangilio. Kuruta anaambiwa waziwazi kwamba bandia zimo. Asichokijua ni zipi. Analenga, anavuta: mshindo. Analenga, anavuta: mshindo. Analenga kwa mara ya tatu, anavuta, na safari hii kunasikika "tak" peke yake. Mshindo haupo, teke halipo, hakuna kitu cha kumfunika. Na katika ukimya huo mdomo wa bunduki unaonekana ukiinama chini kama kuku anayedonoa. Kuruta anauona kwa macho yake mwenyewe. Wenzake wanauona pia, na aghalabu wanacheka, jambo ambalo mkufunzi mwema hulizuia.

Mara baada ya hapo mkufunzi hamhubirii. Humrudisha kwenye mazoezi ya bunduki tupu. Yapo hata mazoezi ya kuweka sarafu juu ya mtutu, kuruta akatakiwa avute kifyatulio na sarafu isianguke. Kisha humpa tena magazini iliyochanganywa. Huendelea hivyo mpaka tak ije na mtutu utulie, na mpaka kuruta, asijue risasi iliyopo ni ipi, azivute zote kwa mkono ule ule mmoja.

Mambo kadhaa katika zoezi hilo yanastahili kutazamwa kwa jicho la mwalimu. Kwanza ni huo uchanganyaji. Kama kila risasi ya tatu ingekuwa bandia, kuruta angehesabu, akajiweka sawa ifikapo ya tatu, nasi tungedhani amepona. Kama zote zingekuwa bandia asingekuwa na la kuogopa, na mtutu ungetulia siku nzima bila kutuambia lolote. Ugonjwa huonekana pale tu ambapo mtu anatazamia mshindo kwa dhati. La pili, ambalo twaliona kubwa kuliko lile, ni kwamba kuruta hakudanganywa. Aliambiwa bandia zimo. Mwalimu anayempa mtoto swali la mtego ili darasa licheke, au ili aonekane yeye mwerevu, hana uhusiano wowote na jambo tunalolizungumza hapa. Mtego ni mali ya mwalimu, ilhali risasi bandia ni ya mwanafunzi, imewekwa ili yeye apate kujiona.

Kabla ya kuingia darasani hatuna budi kutimiza ahadi yetu ya kusema juu ya hatari. Thamani yote ya risasi bandia hutegemea jambo moja, kwamba ni bandia kweli, na kwamba mtu anaweza kuihakikisha. Ndiyo maana viwanda huitia alama zisizofutika: ganda hutobolewa matundu ubavuni, au huchongwa mifereji ya urefu inayohisika hata gizani kwa kidole, au risasi nzima hutengenezwa kwa plastiki ya rangi. Utaratibu mwema hutaka zihifadhiwe mbali na risasi za moto, na chumba cha mazoezi makavu kisiwe na risasi ya moto hata moja. Katika lile zoezi la mchanganyo, ambamo za moto na bandia hukutana kwa makusudi, kazi hufanyika katika uwanja wa shabaha tu, mtutu ukielekea shabaha wakati wote, na kila risasi huhesabiwa kama ya moto hadi mwisho.

Mifano miwili inayojulikana sana haikutoka jeshini bali katika utengenezaji wa sinema, ambako risasi bandia hutumiwa ili bunduki ionekane imejazwa. Mwaka 1993 huko Wilmington, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, watayarishaji walijitengenezea bandia kutokana na risasi za moto: waling'oa vichwa, wakamwaga baruti, wakarudisha vichwa. Fataki waliziacha. Fataki moja ikalipuka ndani ya bunduki, ikakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama, wala hakuna aliyeangalia. Baadaye bunduki hiyo ilitiwa risasi baridi kwa ajili ya onyesho jingine, na gesi yake ikakitoa kile kichwa kilichokwama kikampiga mwigizaji Brandon Lee, naye akafa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Tarehe 21 Oktoba 2021, karibu na mji wa Santa Fe, New Mexico, mpiga picha wa sinema Halyna Hutchins aliuawa na risasi ya moto iliyokuwamo katika bunduki iliyodhaniwa kuwa na bandia tu. Bandia za kazi hiyo zilikuwa na njia ya kutambulika, kwa maana baadhi yake zilitiwa gololi ndogo ndani ili zikitikiswa zilie. Mtu aliyekuwa na jukumu la silaha alitiwa hatiani mwaka 2024.

Kwetu hapa jambo hili lina sura yake. Mwaka 2009, tarehe 29 Aprili, na tena mwaka 2011, tarehe 16 Februari, mabomu yalilipuka katika maghala ya jeshi huko Mbagala na Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yakaangukia makazi ya watu, na wananchi wakaonywa wasiguse vyuma wasivyovijua. Mtoto wa darasa la pili hawezi kutofautisha ganda tupu na kombora zima. Kwa hiyo mwalimu anayeleta darasani ganda la risasi kama kifaa cha kufundishia, pengine kwa nia njema ya kuonyesha umbo la mcheduara, amemfundisha mtoto kwamba kitu cha namna ile huokotwa. Mwalimu atafute kopo la maziwa.

Basi ni nini kiingiacho darasani? Tuanze na kusoma. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza amekutana na mtoto anayesoma ukurasa kwa sauti safi, kidole kikitembea chini ya maneno, kumbe anaimba alichokariri. Sauti ya darasa zima ndiyo mshindo wetu. Inafunika kila kitu. Baada ya juma moja la "Baba analima shamba", mwalimu aandike ubaoni sentensi tano walizozizoea, lakini mojawapo iwe "Baba analinda shamba", naye awe amewaambia watoto mapema kwamba mojawapo imebadilika. Aliyekariri atasema "analima". Mwalimu asimkatize, wala asigeuke kuliambia darasa, "Mmesikia?" Aweke kidole chini ya silabi ya mwisho ya neno la pili na angoje. Mara nyingi mtoto mwenyewe atashtuka, arudi, asome. Huko kurudi ndiko tunakokutafuta.

Katika hesabu ugonjwa huo ni mkubwa zaidi, na sehemu kubwa tunausababisha sisi. Tukifundisha kuzidisha siku ya Jumanne, maswali yote kumi ya Jumanne ni ya kuzidisha. Mtoto hana haja ya kusoma swali. Hutafuta namba mbili, akazizidisha, akapata vema kumi. Chukua swali hili: "Kikapu kimoja kina maembe 6. Vikapu 3 vya namna hiyo vina maembe mangapi?" Sasa pachika kati ya mengine ya aina yake hili jingine: "Kikapu kimoja kina maembe 6, na kingine kina maembe 3. Vikapu vyote viwili vina maembe mangapi?" Wengi wataandika 18. Lakini angalizo: alama ya kosa kwa wino mwekundu haitoshi hapa, kwa kuwa ni sawa na mkufunzi kumwambia kuruta, "Unashtuka." Mtoto achore vikapu viwili, atie maembe, ahesabu. Atakapofika 9 na kutazama 18 yake, mchoro utakuwa umemwambia alichokuwa anafanya.

Hata hivyo mwanafunzi tunayemfikiria zaidi katika makala haya ni wewe mwalimu mwanafunzi mwenyewe. Ualimu nao una mshtuko wake, na ulio wa kawaida kuliko yote ni kuogopa ukimya. Mwalimu anauliza swali, na kabla mtoto hajafungua kinywa mwalimu amekwisha kulirudia, au kumpa mwingine, au kulijibu mwenyewe. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe alieleza katika maandishi yake ya 1974 kwamba walimu aliowachunguza walingoja jibu kwa wastani wa sekunde moja hivi, na kwamba waliposubiri sekunde tatu au zaidi majibu ya watoto yalirefuka na wasiojibu wakapungua. Mwambie mwanachuo aliyemaliza kufundisha kwamba hakungoja, naye atakuapia kwamba alingoja sana. Naye pia hasemi uongo. Kelele za darasa zimemfunika.

Somo fupi la majaribio mbele ya wenzetu chuoni, ambalo lilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwanzoni mwa miaka ya 1960, latufaa kwa jambo hili tukilitumia kama ile magazini iliyochanganywa. Wanachuo wanane wawe darasa, na mmoja awe na saa. Mkufunzi apatane nao kwa siri kwamba maswali mawili au matatu kati ya yote yatakayoulizwa hayatajibiwa mpaka zipite sekunde tano. Watu watatazama madaftari yao na kunyamaza. Anayefundisha aambiwe kwamba ukimya utakuwapo. Asijue ni swali lipi. Mwenye saa asipige kelele wala asitoe ishara, bali aandike kila swali, sekunde zilizopita, na aliyevunja ukimya ni nani. Baada ya somo karatasi hiyo apewe aliyefundisha aisome peke yake kwanza, kabla ya mtu yeyote kutoa maoni. Vyuo vingine huanza na maoni ya wenzake, nasi hatuoni faida yake: kicheko cha wenzake kinarudi kuwa mshindo mwingine.

Pana mpaka ambao risasi bandia haiuvuki. Haimfundishi mtu uzito wa teke, wala jinsi masikio yanavyolia baada ya risasi ya moto, na kuruta aliyepiga bandia peke yake hajapiga bunduki. Wanachuo wanane walionyamaza kwa mapatano si watoto sabini, mmoja anayelia, wawili wanaogombea kalamu, na mvua juu ya bati. Kwa sababu hiyo zoezi hili lirudiwe katika majuma ya mazoezi ya kufundisha shuleni, na huko hapahitajiki mapatano yoyote, kwa kuwa watoto watanyamaza wenyewe. Mwanachuo mwenzako akae nyuma ya darasa na karatasi ile ile yenye safu tatu: swali, sekunde, aliyevunja ukimya. Ahesabu kimya kimya kwa saa ya mkononi, katika vipindi viwili vya juma la kwanza na viwili vya juma la tatu, kisha zile karatasi nne ziwekwe mezani pamoja.